Dawa ya Kutulia

…basi nimpe tu, uji unapoa, kidonge kimeanza kulowa jasho la kiganja changu, nusu asubuhi, nusu jioni, ndivyo alivyosema daktari wa Masasi, mwanao ana ugonjwa wa kutotulia, akili yake haikai mahali pamoja, si utundu, mama, wala si malezi, nikalia pale pale mbele yake, maana Chilangala nzima ilishaniambia ni malezi… "Mama Anifa, unamnywesha tena?" mama mkwe huyo, yuko barazani anabangua korosho, "mjukuu wangu ana mashetani, apelekwe kwa fundi akapungwe, hayo ya hospitali yatamuua moyo," na mimi najibu, "Ndiyo, mama," kama kila asubuhi, ndiyo ya kitu gani sijui, Mwalimu Reginald naye alishasema asiyemeza dawa asiingie darasani kwake, anapanda madawati, wenzake hawasomi, na yule mganga mzee wa zahanati akasema ugonjwa huo yeye haujui, mpe muda, atakua, na Ashiru, baba yake, ndiyo kabisa, hii biashara, anasema, tangu waruhusu maduka ya dawa ya watu binafsi kila kitu kina kidonge, zamani mtoto wa mbio aliitwa mtoto wa mbio, akatumwa maji… na kweli nilimtuma, alishuka bondeni akapanda tena wenzake hawajajitwisha, nusu ya ndoo imemwagika njiani, anacheka, anasimulia nyani na kinyonga na harusi ya watu wa Newala, yote kwa pamoja, hakuna inayofika mwisho, nikamwambia nyamaza kidogo mwanangu, kidogo tu… sasa amenyamaza, anaegemea ukuta, anatazama vidole vyake, wenzake wakipita kumwita hainui kichwa, daftari lake safi, mwalimu amefurahi… lakini ule moto, wanaosema asipewe dawa hawakuwapo siku ya moto, nilimwambia kaa hapa, tazama chungu, tazama na mdogo wako, akamwona hondohondo juu ya mkorosho, akamfuata, cheche zikarukia nyasi za paa la jiko, nikamtoa Shakila mguu umeshababuka, mpaka leo ngozi imevutika, anachechemea, na Anifa akarudi na unyoya mkononi, akasimama akashangaa, "Mama, jiko letu liko wapi?"… atakua, wanasema, na kabla hajakua, nani atakaa na moto, nikimpa namkosa huyu, nisipompa nitamkosa yule mdogo, hakuna wa kuniambia ni yupi… "Anifa," namwita, nataka kumwuliza dawa ikiingia anasikiaje, inamuuma, inamtisha, sijawahi kumwuliza, wala daktari hakumwuliza, wala mwalimu, lakini amekwisha kufumbua kinywa, amefumba macho, kisha anayafumbua na kusema taratibu, kama mtu mzima, "Nipe, mama, nisikuchoshe," nani kamwambia, bibi yake, mwalimu, au ni pumzi zangu tu anazisikiliza, huyu tuliyesema hasikilizi… mkono wangu uko hewani, kidonge kiganjani, naweza kukitupa kuku wakakidonoa, naweza kumwekea ulimini, lakini neno hilo amekwisha kulimeza, amelimeza lini sijui, na hilo hata daktari hataweza kumtapisha…