Tundu Lililokwenda Upande

Naibu wa sherifu, binti wa akina Vandermolen, alinipigia simu saa nne asubuhi. Wametoa gari, Nova, kwenye shimo la kokoto lililojaa maji. Kibao cha namba kimeliwa na kutu, tope limefika madirishani. "Njoo uitazame, mzee Harm, tuwe na uhakika tu. Ila usiogope, si ya Lyle."

Si ya Lyle! Miaka kumi na minne tangu mwanangu ainuke mezani Jumapili, viazi havijaisha kwenye sahani, baada ya kugombana na mama yake, akaondoka na Nova yake. Mke wangu Maxine ameng'ang'ania kwamba kijana yuko California. Kila mwezi wa tano anamwokea keki ya siku ya kuzaliwa, na kila mwaka naila mimi.

Nilikuta gari limening'inizwa kwa winchi, na binti ana karatasi mkononi.

"Gari la Lyle lilitoka kiwandani na giaboksi ya otomatiki, ile nyepesi," akasema. "Sampu yake, lile bakuli la oili chini, ni mraba uliokatwa pembe moja, si ulinifundisha mwenyewe kwenye gereji yako? Sasa cheki hii. Ina umbo la ramani ya Texas! Hii ni giaboksi nzito. Nimeshampigia mama, amelia kwa furaha."

"Umempigia Maxine? Nani kakutuma, wewe?"

Alidhani natania. Nikainama chini ya gari. Giaboksi nzito naijua hata kwa kupapasa, lakini sikuwa naitazama sampu. Ile nzito ni ndefu, kwa hiyo chuma kinachoibeba lazima kisogezwe nyuma na kutobolewa matundu mapya. Nikafuta tope kwa kidole gumba. Tundu la kushoto lilikwenda upande.

Nililitoboa mimi. Lyle alikuwa ameiua ile nyepesi kwa mashindano ya barabarani, na Maxine akaniapisha: "Usimwongezee nguvu, Harm. Atajiua huyu." Nikaapa. Jumamosi alipokwenda kupika kanisani, nikamfungia mwanangu ile nzito, niliyoitoa kwenye gari bovu. Alinibembeleza, nami sikuwahi kuweza kumnyima kitu, mjinga mimi. Nilikuwa na haraka, keekee ikateleza. Lyle akacheka, "Mshua, umelewa?" Kesho yake akaondoka na Nova.

"Mzee, vipi?" binti akauliza.

"Hilo tope mlitoe polepole," nikasema. "Mwanangu yumo."

Nyumbani nilimkuta Maxine ana unga hadi kwenye viwiko, na wala haukuwa mwezi wa tano.

"Nilikwambia, mbishi wewe! Miaka yote hii unaninunia kila nikiitaja California." Kisha akaniangalia. "Mbona magoti yana tope?"

"Maxine, kaa kwanza."

"Sikai, nina keki jikoni. Yule binti kasema iliyotolewa ni ile nzito. Lyle wetu alikuwa na nyepesi, si ndiyo?"

Nilitamani kusema ndiyo. Wallahi nilitamani.

"Alikuwa nayo," nikasema, "mpaka Jumamosi ile uliyokuwa kanisani."

Akajifuta unga mkono mmoja, kisha wa pili.

"Uliniapia, Harm."

"Nilikuapia."

Akaenda kuzima jiko. Keki ilikuwa bado haijaiva.