Mlango wa Ishirini na Tatu

Jumatatu saa mbili asubuhi, chai haijaiva bado, mlango wa kijani ulikuwa umeegemea ukuta kwenye korido ya ubalozi mdogo wa Uturuki, kando ya mto Rhine, Ujerumani. Karani Nusret alitoa futi mfukoni, akaupima, akaandika: mbao, kijani, sentimita tisini na mbili kwa mia mbili na tano, tundu la kuchungulia lipo. Ulikuwa wa ishirini na tatu.

Yote yalitokana na Gülizar Karakoyun, muuguzi wa makao ya wazee. Gülizar akipiga simu kuulizia nyumba ya kupanga na kutaja jina lake, nyumba imeshachukuliwa. Dakika tano baadaye anapiga Heike, mfanyakazi mwenzake, Mjerumani wa mabega mapana, na nyumba ipo wazi. Kesho yake mlango wa nyumba hiyo unakutwa ubalozini. Serikali kule Ankara ilikuwa imeagiza ubaguzi wote dhidi ya Waislamu ugenini uorodheshwe pamoja na ushahidi, na ushahidi, alhamdulillahi, ulikuwa unajileta wenyewe. Wenye nyumba walinunua milango mingine, wakanyamaza.

Mchana Gülizar alikuja, akaufungua ule wa kijani. Ndani kulikuwa na sebule tupu, harufu ya rangi mbichi, na mti wa jozi dirishani. Nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Lakini ukikanyaga kuingia, hufiki sebuleni; unatokea tena koridoni, pale kwenye mashine ya kutoa nakala. Nusret alishajaribu milango mingine akiwa na gilasi ya chai, na chai haikumwagika.

"Huu ndio wa mama," alisema Gülizar.

Mama yake, Makbule, alivunjika nyonga wakati wa baridi. Waliishi ghorofa ya nne, lifti hakuna, na tangu atoke hospitali alikuwa hajakanyaga ardhi miezi saba.

"Kaka Nusret, nipe basi niende nao."

"Dada yangu, huu sasa ni mali ya serikali."

"Na nyumba je?"

"Nyumba ina mwenyewe. Sisi tuna mlango."

"Milango ishirini na tatu mnayo, na mama yangu anaota ukungu kule juu kama mkate! Kazi yenu kupima tu!"

Nusret hakukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimwandikia mwenye nyumba barua yenye muhuri. Mwenye nyumba akajibu kwa adabu kwamba nyumba imeshachukuliwa. Jibu likawekwa kwenye faili.

Ripoti ilitoka majira ya majani kupukutika. Ilisomwa Ankara kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi, na milango ikatajwa ukurasa wa arobaini, ndani ya jedwali. Ilikuwa ripoti nzuri, tena isiyo na kosa hata moja.

Ijumaa iliyofuata Gülizar na Heike walimbeba Makbule juu ya kiti, wakamshusha ghorofa zote nne, yeye akiwaamuru njia nzima. "Polepole, mabinti! Mimi si kabati!"

Wakamfikisha ubalozini, mbele ya mlango wa kijani, wakaufungua. Makbule akavua viatu, akavipanga kando ya kizingiti kama alivyofanya maisha yake yote. Ndani, mwenye nyumba alikuwa akiwaonyesha nyumba mtu na mkewe. Akamwona bibi, akainamisha kichwa.

"Samahani, mama. Imeshachukuliwa."

"Bado hatujaamua," mke akamsahihisha.

"Haya," alisema Makbule. "Mti mzuri huo. Ila jikoni panataka pazia."

Akakaa pale akinywa chai na kuuangalia mti, hadi saa kumi, ofisi inapofungwa. Gülizar akapiga magoti amvishe viatu.

"Viache," alisema Makbule. "Kule napanda kwa kubebwa, viatu vya nini? Hivi vimeshafika kwao."

Gülizar alilia palepale, bila kuficha uso. Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, akashika upande wake wa kiti, Heike upande wa pili, wakaondoka.

Nusret akatoa futi. Viatu vya kike, vyeusi, namba thelathini na saba, visigino vimelika upande mmoja. Kwenye safu ya maelezo akaandika: mwenyewe bado hajaingia. Akazima taa, akafunga ofisi.