Moshi Uliomfuata Barwaqo

Kosa lilikuwa la Naimo, afadhali tuliseme mapema. Alfajiri alitoka zizini, akasahau kurudisha tawi la miiba mlangoni. Nairobi alikozaliwa, mlango ukiusukuma unajifunga. Hapa Eldas, kwa bibi yake, mlango usipoufunga wewe umebaki wazi, na Barwaqo akaona njia nyeupe, akajiendea zake.

Barwaqo ndiye ngamia pekee wa bibi huyo, Ayeyo Qali, aliyekuwa na maziwa. Ndama wake alibaki zizini. Ngamia mwenye mtoto hurudi mwenyewe, lakini adhuhuri ilipita, hakurudi. Ndama alilia hadi sauti ikamkauka, akalala chini. Ikifika jioni bila maziwa, basi tena. Na jioni ni ya fisi.

Abti Hirsi, mjomba wa Naimo, alikuwa mnadani Wajir, na simu yake haipatikani. Upepo nao ulikuwa umefagia nyayo zote.

"Si ulisema kwenu mna lifti?" alisema Bishara, binamu yake, kwa Kiswahili chake cha shuleni. "Haya, panda lifti umtafute!"

Naimo alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu aje, alikuwa mgeni tu: Kisomali chake cha kubabaisha, miguu yake haijui miiba, na sasa hili.

"Kaa hapa ufukize dhiil," Ayeyo alimwambia. "Kingine usiguse." Kisha akatoka na Bishara kutafuta upande wa kisimani.

Dhiil ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, na hiki kilikuwa cha maziwa ya Barwaqo peke yake. Naimo alitia ndani kijinga cha moto kama alivyoona wenzake wakifanya, akafunika, akakitikisa huku machozi yakimtoka. "Ya Allah, arudi tu," alisema. "Arudi, hata wakinicheka mwaka mzima."

Alipofunua, moshi haukupanda. Ulishuka. Ukalala mchangani kama kamba, ukatambaa hadi mlangoni, ukatoka nje kuukabili upepo.

"Bismillahi!" Naimo aliruka nyuma. Nimeshakiunguza chombo cha watu, aliwaza. Akafunika haraka, moshi ukasimama pale pale. Akafunua, ukaendelea na safari.

Hapo hakungoja kuambiwa. Alikikumbatia chombo, akaufuata mbio. Njiani akakutana na Bishara akirudi mikono mitupu.

"Unakimbilia wapi na dhiil ya Ayeyo? Utachapwa!"

"Tazama chini!"

Bishara akatazama. Mdomo aliokuwa ameufungua kwa kejeli ukabaki wazi hivyo hivyo.

Moshi uliwapitisha vichakani, ukateremka kwenye laga, ule mto mkavu, ukapotelea nyuma ya mti ulioanguka. Hapo wakasikia kengele ya mbao ya ngamia ikigonga kwa uchovu. Barwaqo! Kamba ya kengele ilikuwa imenasa kwenye tawi, shingo imepinda, kiwele kimejaa. Alikuwa mzima. Mzima kabisa, alhamdulillahi! Naimo aliketi mchangani akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamwona.

Wakamfungua. Hakungoja kuongozwa. Alitimka mbio kuelekea nyumbani, na walipomfikia, ndama alikuwa tayari amesimama chini yake, mkia ukicheza. 

Ayeyo naye alikuwa amesharudi; alikamua kidogo alichoachiwa na ndama, akampa Naimo anywe wa kwanza. Maziwa yalikuwa moto, yananukia moshi.

"Ayeyo," Naimo alianza, "mlango ni mimi niliyeu..."

"Najua."

"Na moshi..."

"Moshi pia najua." Bibi alijifuta mikono kwenye vazi lake la guntino. "Chombo hiki nimekifukiza mimi miaka mingi, Bishara naye amekifukiza. Moshi wetu hupanda juu kama moshi wa watu wote. Aliyetembea nao ni mmoja tu, mama yako."

Bishara akageuka kumtazama Naimo, safari hii bila kucheka. "Mama yake alijuaje kama anaweza?" aliuliza.

"Alijuaje!" Ayeyo akacheka hadi akashika mbavu. "Naye aliacha zizi wazi."