Aliyekuwa Akifungua Plagi Zangu

Nyaya tunazounga karakanani hupelekwa mlimani kwenye mitambo ya simu. Plagi ikiingia maji, mtambo huzimika. Wiki iliyopita zilirudishwa mbili zimeshika kutu, msimamizi akasema aliyeziunga akijulikana atafukuzwa.

Basi nikaanza kumchunga Mama Pacha, jirani yangu wa meza. Kila mchana sisi tukienda kula, yeye hubaki, nami nikichungulia dirishani namwona akifungua plagi zangu. Nikasema moyoni, huyu ananichimba apate kiti changu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jana nikarudi ghafla.

"Unaniharibia kazi, mwanangu?"

Akashtuka. "Hapana, bibi. Hii haina mpira."

Nikaitazama kwa karibu. Kweli, nilikuwa nimekaza waya kabla ya kuuvisha mpira wa kuzuia maji, na ukishakaza hauingii tena.

"Ziko ngapi?"

"Leo tatu. Nakata, naunga upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie hapa, bibi? Msimamizi ana masikio ya sungura!"

Nilimshika mkono. Kisha nikaenda kwa msimamizi kumwambia zile mbili zilizorudishwa ni zangu.