Pasheni ya Mnarani

Mnara wa simu pale Masama umesimama katikati ya shamba la kahawa, na chini yake mlinzi wa shamba, Mzee Wilson, alipanda pasheni. Tusimlaumu haraka. Mchagga akiona kitu kimesimama wima hakina mmea wa kukikwea, mkono unamwasha. Pasheni ikapanda ngazi, ikajisokota kwenye waya wa usalama, ikazaa kama imelipwa.

Ule waya una kazi yake. Fundi akipanda, mkanda wake unashikizwa kwenye waya kwa kichuma kidogo kinachomfuata. Akiteleza, kichuma kinauma waya, yeye anabaki ananing'inia, mzima, anatukana. Ila kichuma hakipiti kwenye majani. Kwa hiyo mafundi walikuwa na mtindo wao: ukifika kwenye pasheni unajifungua, unapanda hivyo hivyo mpaka majani yaishe, unajifunga tena. Waliita kuvuka shamba. Wengine walichuma mbili tatu njiani.

Isack alianguka akivuka shamba. Walimzika Jumamosi, Machame, kwenye migomba ya baba yake.

Jumanne mwenzake, Anaeli, akarudishwa kumalizia kazi. Tangu msibani alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino, ila mwili mzima. Walimpa pole, akaitikia. Walimpa ndizi na nyama, akala. Walimwambia apande gari, akapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole, baba." Mzee Wilson akavua kofia. "Nilitaka kuikata, kweli. Lakini si unaona ilivyobeba? Wiki mbili tu ziive."

Anaeli akaangalia. Kweli ilikuwa imebeba.

Msimamizi wao, Efraimu, alikaa garini mlango wazi, anatafuna karanga. "Twende, kaka. Watu wa huku hawana mtandao. Jana nimemkuta mama mmoja anapiga simu juu ya banda la ng'ombe, ng'ombe wanamsikiliza."

Anaeli akacheka pale panapochekwa, akajifunga, akapanda.

Alipanda vizuri. Mguu, mkono, mguu, mkono, na kichuma kikimfuata kwenye waya. Majani yakamgusa usoni. Akatazama kiunoni, akakuta mkono wake umeshafungua kichuma. Hakuutuma. Ulikuwa umezoea tu.

Akasimama hapo, hajashikizwa na chochote, buti kwenye chuma chenye umande. Chini kahawa ilikuwa kijani. Akausubiri moyo udunde, kama mtu anavyosubiri chafya. Haukudunda. Ardhi ilionekana karibu, kama kibaraza cha nyumbani.

Akakirudisha kichuma kwenye waya taratibu. Akashuka.

"Umesahau nini?" Efraimu akauliza.

"Sipandi."

"Unaogopa. Kawaida hiyo, hata mimi ningeogopa. Kunywa maji, pumzika kidogo..."

"Siogopi, bosi. Nimejifungua pale pale alipojifungua Isack, na sikuogopa hata kidogo. Usinipandishe."

Efraimu akaacha kutafuna. Akatazama juu, akamtazama Anaeli usoni kwa muda mrefu, akafunika karanga zake.

"Ofisini nitasema nini?"

"Sema tunakata pasheni."

Mzee Wilson alikuwa ameshaleta panga. Hakumpa mtu, akakata shina mwenyewe, mapigo mawili, kisha akasema "Mae!" kwa sauti ndogo, kama Mchagga aliyefiwa. Wakaanza kuvuta, Efraimu naye na shati lake la ofisini. Pasheni mbichi zikawadondokea vichwani. Moja ikampiga Efraimu puani. Mzee akaguna kicheko, akakimeza.

Walitoa ya chini yote. Ya juu ikabaki imekumbatia waya, haifikiki.

"Na hiyo?" Efraimu akauliza.

"Ikauke," Anaeli akasema. "Halafu tafuta mtu mwenye woga wake, aje aimalizie."

Akakaa chini kwenye majani, akaweka mikono magotini, akaitazama aone kama itatetemeka.