Funga Mwenyewe

Mimi ni keshia, na sisi makeshia hatusifu watu ovyo. Ukikaa miaka kumi na moja nyuma ya mashine ukiwatazama watu wakilalamikia nyanya zilizopondeka, ilhali wamezibonyeza wenyewe kwa vidole vyao, unaacha kutarajia makubwa kwa binadamu. Kwa hiyo nikisema kwamba mtu bora kuliko wote katika supamaketi yetu alikuwa mwanamke wa kaunta ya mifuko, ujue sijatia chumvi.

Tulimwita Bi Fundo. Jina la kwenye kitambulisho chake lilikuwa refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa meneja, tena siku za karipio tu. Kaunta yake ilikuwa kando ya mlango, chini ya bango lililoandikwa HUDUMA KWA WATEJA, na nyuma yake palikuwa na rafu ya mbao yenye visanduku thelathini, kila kimoja na namba yake. Sheria ilikuwa kwamba mfuko wenye kitu ndani hauingii dukani. Unamwachia Bi Fundo, anakupa kibati chenye namba, unanunua vitu vyako, unamrudishia kibati naye anakupa mfuko wako.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku kila mtu alikuja na wake wa nyumbani. Kulikuwa na iliyoshonwa kwa suruali kuukuu, zipu bado ipo mbele, na iliyotokana na magunia ya unga. Bi Fundo aliipokea yote kwa heshima ileile, ila alikuwa na jambo moja lililomuudhi meneja. Ukimpa mfuko wako, alikurudishia kwa mikono miwili na kusema, "Funga mwenyewe." Hakuupokea mpaka umeifunga mishikio yake kwa mkono wako. Meneja alisema ni uvivu. Mimi nami nilisema hivyo, kwenye chumba cha chai, kwa sauti. Mimi na mdomo wangu!

Kisha duka likatimiza miaka ishirini. Meneja akaagiza mifuko ya turubai ya kijani, imara, yenye nembo ya duka, na kila mteja akapewa mmoja bure. Kitu cha bure kinajulikana. Wiki mbili hazikuisha, mtaa mzima ukawa kijani. Ile ya suruali na magunia ikabaki nyumbani, na rafu ya Bi Fundo ikajaa mifuko ambayo hata mama yao angeshindwa kuitofautisha. Wateja wenyewe walikuwa hawaijui mifuko yao. Bi Fundo peke yake hakubabaika. Alitoa mfuko mmoja baada ya mwingine kama zamani, na hakukosea hata siku moja.

Aliyekosea ni mimi.

Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Bi Fundo alinijia kwenye mashine yangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, nishikie kaunta dakika kumi. Nimebanwa tangu asubuhi."

Nikafunga mashine nikaenda. Moyoni nilikuwa nikimcheka kidogo. Namba ziko kwenye vibati, namba ziko kwenye visanduku. Kazi ya namna hiyo, nikajiambia, hata meneja angeiweza.

Akaja mpaka rangi mmoja, mwembamba, mwenye madoa ya manjano hadi masikioni. Kibati chake kilikuwa namba ishirini na mbili. Nikautoa mfuko wa kisanduku cha ishirini na mbili, nikampa pamoja na lile tabasamu letu la kazini, akaondoka.

Nyuma yake akaja mwashi. Nilimjua ni mwashi kwa saruji iliyokuwa imemganda kwenye viatu. Kibati chake kilikuwa kumi na nne. Nikageuka. Kisanduku cha kumi na nne kilikuwa kitupu.

Nikatazama cha kumi na tatu, nikatazama cha kumi na tano. Nikaiteremsha mifuko yote ya kijani, nikaipanga juu ya kaunta, mwenyewe akaipapasa mmoja mmoja kwa nje. Wake haukuwamo. Angenipigia kelele ningejua la kufanya, kwa maana kelele nimezizoea. Huyu alisimama tu, kibati mkononi.

"Dada," akasema, "mle ndani mna kiatu."

"Viatu vya namna gani?"

"Kiatu. Kimoja."

Ndipo akanieleza. Binti yake ana miaka saba na amezaliwa mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kiatu kile kina soli nene, kimetengenezwa kwa kipimo cha mguu wake mfupi. Wamekingoja miezi mitano. Mtengenezaji hutokea mbali, hufika hospitali mara chache kwa mwaka, na asubuhi ile alikuwa ameshaondoka. Miaka yote hiyo mwashi amembeba mtoto mgongoni. Kesho shule inafunguliwa, naye alikuwa amemwahidi kwamba ataingia getini kwa miguu yake.

"Na huyo aliyeuchukua," akasema, "akifungua akakuta kiatu kimoja, tena cha ajabu vile, atakifanyia nini? Si atakitupa?"

Meneja alikuwa keshafika, maana menejimenti ina pua ya matatizo. Akamsikiliza nusu, akaonyesha kidole ukutani, kwenye tangazo lililosema kwamba vitu vyote huachwa kwa dhamana ya mwenyewe. Halafu akatoa fomu ya malalamiko. "Jaza hii, mzee. Tutakupigia ndani ya siku saba."

Hapo ndipo Bi Fundo aliporudi, anajifuta mikono kwa aproni. Akaitazama mifuko iliyotapakaa kwenye kaunta, akamtazama mwashi, akanitazama mimi. Nikajiandaa kusemwa.

"Kosa ni langu, baba," akamwambia mwashi. "Nipe dakika moja." Halafu akanigeukia, taratibu. "Ulifuata namba?"

"Nifuate nini kingine, shangazi?"

Akafumba macho kidogo. "Namba zile hazina maana, mwanangu. Kibati namshikisha mteja ili atulie, kwa sababu mtu hapendi kuacha mali yake akaondoka mikono mitupu. Natoa chochote kinachonijia mkononi. Rafuni naweka nionavyo mimi. Wenye haraka chini, wanaopiga soga juu."

"Sasa unamjuaje mwenye mfuko?"

Akanishikia mfuko mmoja karibu na uso. "Fundo. Hakuna watu wawili wanaofunga sawa."

Nilipigwa na butwaa. Wakati wote ule alipokuwa akisema "funga mwenyewe" alikuwa akiwawekesha watu sahihi, nasi tukimwita mvivu.

Akaanza kuipitia mifuko, akitazama mishikio tu, huku mara kwa mara akinyanyua macho kuelekea ndani ya duka. "Huyu mwenye mafundo matatu ni bibi anayeogopa wezi, yuko pale kwenye sabuni. Huyu amepitisha mshikio mmoja ndani ya mwingine akavuta basi, ni yule dereva mwenye haraka, yuko kwa muuza nyama anabishana. Huyu muuguzi. Huyu mwalimu, yuko kwenye foleni." Akafika kwenye mfuko wa mwisho, akaugeuza. Mishikio yake ilikuwa imezungushwa mara mbili na kuachiwa kitanzi juu. "Na huyu hayupo humu. Hiki ni kitanzi cha kuning'inizia kopo la rangi kwenye ngazi. Mpaka rangi ndiye aliyeondoka na kiatu."

"Basi," akasema meneja, "akirudi tutamuuliza."

"Anapaka zahanati mpya nyuma ya kituo cha zimamoto. Aliniambia alipoacha mfuko, nilipomuuliza mbona rangi imefika masikioni." Akautia mfuko wa mpaka rangi kwapani. "Twende, baba. Na wewe, mwanangu, njoo, wewe ndiye uliyemwona."

"Na kaunta?" Meneja akatoa macho. "Nani atabaki kwenye kaunta?"

"Wewe," akasema Bi Fundo.

Nilitamani kubaki nimwone tu meneja akiwa ameachiwa mifuko ile. Nikamkumbusha Bi Fundo kwamba hakuvua aproni ya duka. "Siivui," akasema. "Ajue ni duka limemfuata."

Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, na mama yule, aliyekuwa akichechemea kila akipanda ngazi ya stoo, alitutangulia hatua kumi mbele. Mimi nilitaka kumwambia mwashi kwamba aliyetoa mfuko wake ni mimi, kwamba yeye Bi Fundo alikuwa msalani tu kama binadamu mwingine, lakini ulimi ulikuwa mzito. Ni rahisi kuwa na mdomo mkubwa kwenye chumba cha chai. Nilijionea aibu, tena nilistahili.

Zahanati ilikuwa na harufu ya rangi mbichi. Ngazi ilisimama ukumbini, haina mtu. Mpaka rangi tulimkuta nyuma, ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mfuko wa kijani magotini na kisu mkononi.

"Usikate!" tukapiga ukelele wote watatu.

Karibu aanguke. "Mama, unatafuta nini huku?" Akautazama ule mfuko kwapani kwa Bi Fundo, akautazama na wake. "Kumbe si wangu! Nimehangaika nao tangu nilipofika. Nina njaa, mkate wangu umo humu, na fundo halifunguki. Nikasema leo nimefunga kwa mkono wa nani?"

Bi Fundo akaupokea mfuko, lakini hakuufungua. Akampelekea mwashi kwa mikono miwili, kama alivyofanya na kila mtu kaunta. "Fundo lako?"

Mwashi akainama akalitazama. "Langu. La uzi wa timazi." Ni uzi ule wanaoning'iniza kitu kizito ili kujua kama ukuta umenyooka, na kwa kweli uzi huo haufai kuachia. Kwa vidole vyake vinene akalifungua mara moja, akatoa kiatu. Kilikuwa cheusi, kidogo, chenye kamba nyekundu, soli yake imenenepa kama mkate. Akakikumbatia kifuani, akageukia ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika. Mpaka rangi akaacha kutafuta mkate wake. Nami nikalia, nasema wazi, nikajifuta kwa aproni ya Bi Fundo.

Tuliporudi dukani tulikuta vurugu. Meneja, tai imempinda, alikuwa amezungukwa na wateja saba waliorudi kila mmoja na mfuko wa mwenzake, na yule bibi anayeogopa wezi alikuwa akimwita mwizi. Bi Fundo akapita katikati yao, akatazama mafundo, akaigawa mifuko yote kabla sijafungua mashine yangu.

Kabla ujasiri haujanikimbia nikamfuata meneja. "Mfuko wa mwashi niliutoa mimi. Si yeye."

"Ulifuata namba," Bi Fundo akanikatiza, "na namba ndizo zilizoandikwa. Miaka tisa nimefanya kazi hapa kama vile sitaumwa, sitakufa, wala sitakwenda chooni. Mtoto wa watu karibu akose kiatu kwa ajili ya majivuno yangu." Akakaa chini, akavimwaga vibati vyote, na jioni ile kabla ya kufunga akavipanga upya, kila kimoja na kisanduku chake. Fundo hakuliacha. Alisema namba ni za yule atakayemshikia kaunta, fundo ni lake mwenyewe. Meneja alikuwa na fomu ya onyo mkononi. Aliikunja, akaitia mfukoni, na sijaiona tena.

Kesho yake, saa za watoto kutoka shule, nilisikia mlangoni hatua zisizolingana, moja nyepesi, moja nzito. Nikanyanyua kichwa. Binti alikuwa mbele, sare mpya, mfuko wa kijani wenye madaftari umemning'inia begani hadi magotini. Baba yake alimfuata nyuma.

Bi Fundo akatoka nyuma ya kaunta na kuchuchumaa, goti lake likalia tukalisikia sote. Akaupokea mfuko, akamrudishia kwa mikono miwili. "Funga mwenyewe."

Mtoto akaanza. Akakosea, akaanza tena, ulimi nje kwa juhudi. Foleni ya kaunta ikarefuka, na ya kwangu nayo ikasimama, maana nilikuwa sipigi tena mashine. Mzee mmoja akaguna. Nilimtazama jicho moja tu, akanyamaza. Hatimaye mtoto akamaliza, masikio mawili ya kitanzi yamelala huku na huku. Alikuwa amefunga kama kamba za kiatu. Ndilo fundo pekee alilolijua, na alikuwa amejifunza jana tu.

Bi Fundo alilitazama kwa muda. Akampa kibati cha kumi na nne, akauweka mfuko kwenye kisanduku cha kumi na nne.

"Nikipoteza hiki?" mtoto akauliza.

"Hata ukikipoteza. Mimi nimeshakujua."

Mtoto akakiweka kibati mfukoni mwa sare, akapita kwenye mlango wa matoroli, akaingia dukani peke yake, hatua nyepesi, hatua nzito, kuelekea kwenye biskuti. Baba yake alibaki pale mlangoni. Alikuwa na mikono miwili mitupu, na hakujua aiweke wapi.