Namba Kumi na Saba

Mwalimu mkuu alikuwa amejaza fomu yote ya ofisi ya elimu, likabaki swali moja: masomo ya mtandaoni yaendelee au yasitishwe? Aliandika kwa penseli, "Yasitishwe." Kabla ya kupitisha wino, akaona si haki kukata shauri juu ya jambo asilolijua. Akaichukua fomu, akaenda kuketi nyuma ya mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akifundisha kwa kompyuta katika darasa tupu.

Mwalimu aliita mahudhurio kwa namba, kwa mazoea, bila kutazama rejista. Kila mwanafunzi alipoitika, kipande cha nyumba yao kiliingia darasani: cherehani, mvua juu ya bati, sufuria ikifunikwa. Mwalimu mkuu alifumba macho. Alihisi madawati yakielea polepole juu ya mji.

"Kumi na saba."

"Hiyo haina mtu," mkuu alinong'ona. "Nilimwondoa mwenyewe yule binti, alipojifungua."

"Nipo, mwalimu," sauti ikaitika, na mtoto mchanga akalia karibu nayo. "Binamu yangu alinionyesha pa kuingilia. Huwa nasikiliza tu. Naomba msinitoe."

Mwalimu wa hesabu aligeuka. "Haya, mkuu. Tumwondoe mara ya pili?"

Mkuu alilifuta lile neno taratibu, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika kwa wino, "Yaendelee." Kisha akaivuta rejista na kuweka alama mbele ya kumi na saba.

"Mwambie tumemsikia," alisema. "Na huyo mdogo pia."